Msham, M. K. Ni Nani?

Kuna kauli imegeuka wimbo siku hizi kila panapozungumzwa tasnifu za fasihi ya Kiswahili: eti vijana wameharibiwa na programu za marejeleo. Wanabofya tu. Hawajui mkato unakaa wapi wala nukta inakaa wapi, hawajui herufi za mlazo ni za jina la kitabu au la makala, kila kitu wanafanyiwa na Zotero. Zamani, tunaambiwa, mtu aliandika marejeleo yake kwa mkono, kadi moja baada ya nyingine, na alipomaliza alikuwa anaijua fasihi yake nje ndani. Nimeisikia kauli hii semina baada ya semina, nimeikuta kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wa fasihi, na kila nikiisikia najiuliza kama wanaoisema wamewahi kuzisoma hizo orodha za mkono. Mimi nimezisoma, tena nyingi. Ni aibu.

Chukua tasnifu yoyote ya miaka ya nyuma, fungua ukurasa wa marejeleo, kisha rudi sura ya pili uanze kulinganisha jina kwa jina. Utakuta mwandishi aliyenukuliwa mara sita ndani ya matini hayumo kwenye orodha. Utakuta aliyemo kwenye orodha hajanukuliwa popote. Mwaka ndani ni 1976, nje ni 1978. Na baya kuliko yote: utakuta kosa lilelile la tahajia, kwenye jina lilelile, katika tasnifu tatu zilizoandikwa kwa kupishana miaka minne minne. Hapo huna haja ya kuuliza. Mtu wa pili hakukiona kitabu, alikinakili kutoka orodha ya mtu wa kwanza, na wa tatu akanakili kwa wa pili. Kosa linarithiwa kama shamba la ukoo. Halafu tunaambiwa huo ndio ulikuwa uanazuoni, na kubofya ndiyo dhambi!

Sasa hebu tuseme programu hizi zinafanya nini hasa, maana wengi wanaozilaumu hawajawahi hata kuzifungua. Unaweka taarifa za kitabu mara moja: mtunzi, jina la kitabu, mwaka, mji, mchapishaji. Unapoandika kwenye Word unabofya, nukuu inaingia mahali pake. Orodha ya mwisho inajitengeneza yenyewe kutokana na kile ulichokinukuu kweli, hakipungui wala hakizidi. Ukifuta aya, kitabu kilichokuwa kwenye aya hiyo tu kinatoka kwenye orodha. Basi. Ziko kadhaa. EndNote ni ya kulipia. Mendeley ni ya bure, ila tangu 2013 iko mikononi mwa Elsevier, kampuni ileile ya uchapishaji inayotuuzia majarida. Zotero ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani, ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mimi napigia debe Zotero, na sijifichi. Wanaolalamika kwamba nafasi yake ya bure ni megabaiti 300 tu hawajaelewa kuwa hiyo ni nafasi ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Taarifa zenyewe za vitabu hazina kikomo. Zima usawazishaji wa mafaili, weka PDF zako kwenye flashi, maisha yaendelee.

Na tusiongee kana kwamba muda wa mwanafunzi ni maji ya bomba. Namfahamu dada mmoja wa uzamili ambaye tasnifu yake ilipita kwa watahini bila shida, kisha ofisi moja ikamrudishia kwa sababu mtindo wa marejeleo uliokuwa unakubalika alipoanza haukubaliki tena alipomaliza. Marejeleo mia moja na arobaini. Alikuwa ameyaandika kwa mkono, kama alivyoelekezwa na wakubwa wanaosema mkono unafundisha. Wiki tatu zilikwenda hapo, na kwa wiki hizo tatu mahafali yakampita, akalipa ada ya nusu mwaka mwingine. Kwa programu kazi ile ni kubadili mtindo kwenye menyu, kunywa chai, kisha kupitia orodha kuona kama kuna kilichokaa vibaya. Mwenye kutaka kunieleza yule dada alijifunza nini kuhusu riwaya ya Kiswahili katika zile wiki tatu, nipo, namsikiliza.

Lakini wenzangu wa upande huu nao wasishangilie mapema. Kuna uongo wa pili, nao ni kwamba ukishaweka Zotero umemaliza. Kwa mwanafunzi wa uhandisi pengine ni kweli. Kwa anayeandika kuhusu fasihi yetu, shida inaanza kwenye kisanduku cha kwanza kabisa, pale programu inapouliza: jina la mwisho? jina la kwanza?

Mchukue Mwana Kupona binti Msham. Mwanamke wa visiwa vya Lamu, alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na hadi leo hakuna kozi ya ushairi wa Kiswahili inayompita pembeni. Mwanafunzi anamwingiza kwenye programu. Jina la mwisho, Msham. Jina la kwanza, Mwana Kupona. Anachagua APA. Programu, kwa utiifu wote, inamtolea: Msham, M. K.

Itazame vizuri. Msham ni baba yake. M ni Mwana, nalo si jina, ni heshima, kama tunavyosema Bi. Kilichobaki cha mshairi mwenyewe ni herufi moja, K na nukta. Na lile neno binti, lililokuwa linatueleza uhusiano wote huo kwa silabi mbili, limetupwa. Tumeandika kurasa mia mbili kuhusu sauti ya mwanamke katika utendi, kisha kwenye marejeleo tumemnukuu baba mtu.

Si yeye peke yake. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, bingwa wa Mombasa, anageuka Haji, M. kwenye tasnifu moja, Al-Ghassaniy, M. kwenye nyingine, Bin Haji kwenye ya tatu. Watu watatu, diwani moja. Ngũgĩ wa Thiong'o anawekwa kwenye T au kwenye W, wakati jina lake linasema waziwazi kuwa yeye ni Ngũgĩ, na Thiong'o ni mzazi. Na hili linaniuma zaidi kwa sababu Maktaba ya Bunge la Marekani, huko huko ambako Zotero ilitoka, inamworodhesha kwenye N. Wao wameshaelewa. Sisi tunamweka kwenye T kwa sababu kisanduku kimeuliza jina la mwisho na tumezoea kujibu tulichoulizwa. Shaaban Robert naye sijawahi kumsikia mtu darasani akisema Robert aliandika Kusadikika. Tunasema Shaaban Robert, jina zima, au Shaaban. Lakini ndani ya tasnifu anaitwa Robert mwanzo mwisho, kama Mwingereza aliyepotea njia Tanga.

Halafu kuna akina Mohamed. Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa mambo yanaharibika hadi kwenye uchambuzi wenyewe. Nyota ya Rehema ya 1976 ni ya Mohamed Suleiman Mohamed. Utengano ya 1980 ni ya Said Ahmed Mohamed. Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960 ni ya Mohammed Said Abdulla. Wote watatu Wazanzibari, wote watatu nguzo za riwaya. Andika kwa mtindo wa jina la mwisho na mwaka, na msomaji wako anakutana na Mohamed (1976) na Mohamed (1980) ndani ya sentensi moja. APA inajua tatizo hili, inaagiza uongeze herufi za mwanzo: M. S. Mohamed, S. A. Mohamed. Zotero inazitia yenyewe bila kuombwa. Ni msaada mkubwa, ila una masharti: umwingize kila mtu kwa namna moja tu. Ukiandika leo Said A., kesho Said Ahmed, programu inaamini ni watu wawili tofauti na inaanza kuwatenganisha. Anayelalamika kwamba Zotero inaweka herufi zisizotakiwa aende kwanza kuangalia maktaba yake ameandika nini. Mara nyingi mashine haijakosea, imesema tu kwa sauti kile tulichokivuruga kimyakimya.

Sasa lipo ambalo mashine haiwezi kulijua kamwe. Said Ahmed Mohamed wa Utengano na Babu Alipofufuka ndiye Said A. M. Khamis, profesa aliyefundisha Bayreuth, Ujerumani, na aliyeandika makala nzito kuhusu riwaya na ushairi wa Kiswahili. Mtunzi ni Mohamed, mhakiki ni Khamis, mtu ni mmoja. Mwanafunzi asiyejua hilo ataandika, kwa nia njema kabisa, kwamba hoja yake kuhusu riwaya za Mohamed inaungwa mkono na Khamis. Yaani mshtakiwa kageuzwa shahidi! Na orodha ya marejeleo, imeandikwa kwa mkono au kwa programu, itawaweka mbali, mmoja kwenye K na mwingine kwenye M, hakuna wa kuwakutanisha. Penina Muhando wa tamthilia za Hatia na Nguzo Mama ndiye Penina Mlama wa vitabu vya kitaaluma kuhusu sanaa za maonyesho. Adam Shafi yuko huku na huku kama Shafi, A. S., na Adam, S. A., kutegemea nani kaandika orodha. Haya ndiyo mambo ya kumfundisha mwanafunzi. Mkato atawekewa. Ila ni mwalimu tu, au yeye mwenyewe kwa kusoma, atakayemjulisha kwamba Khamis na Mohamed wanalala kitanda kimoja.

Kwa majina, dawa ipo na haihitaji fundi. Pembeni ya jina la mtunzi ndani ya Zotero kuna kitufe kidogo kinachogeuza visanduku viwili kuwa kimoja. Ukikibofya unaandika Mwana Kupona binti Msham kwa ukamilifu wake, na programu haimkati wala haimgeuzi. Atakaa kwenye M, kwa jina lake. Muyaka bin Haji vivyo hivyo. Ngũgĩ wa Thiong'o vivyo hivyo. Kwa hiyo tusisingizie teknolojia. Tatizo ni kwamba mwanafunzi akifanya hivyo, msimamizi anaweza kumwambia si APA hiyo, rudisha. Na mwanafunzi hana karatasi ya kumwonyesha. Miongozo ya tasnifu niliyowahi kuishika mkononi ina kurasa nzima kuhusu upana wa pambizo na ukubwa wa herufi, na mifano ya marejeleo iliyojaa akina Smith na Jones. Kuhusu bin na binti, kimya. Waisilandi wako kama laki nne tu, majina yao nayo ni ya mtoto wa fulani kama ya kwetu, na nyumbani kwao mtunzi wa Kiaisilandi anapangwa kwa jina lake la kwanza. Waliamua, wakaandika, wakamaliza.

Nimewataja Waisilandi kwa makusudi, maana kuna jingine. Programu hizi hutoa maneno madogo ya marejeleo katika lugha unayoichagua: na, katika, mhariri, toleo, ukurasa, majina ya miezi. Maneno hayo yako kwenye faili moja kwa kila lugha, na mtu yeyote anaweza kuliandika na kulituma kwa wanaolitunza. Fungua orodha ya lugha kwenye Zotero yangu. Kiaisilandi kimo. Kibaski kimo. Kiafrikana kimo. Kilatini kimo, ndugu zangu, Kilatini! Kiswahili hakimo. Lugha ya makumi ya mamilioni ya watu, lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, lugha yenye siku yake ya dunia kila Julai 7 ambapo tunavaa kanga na vitenge na kupiga picha, haina faili la maneno mia kadhaa.

Matokeo yake tunayaona. Tasnifu ya Kiswahili sanifu, imehaririwa sentensi kwa sentensi, msimamizi kakataa neno la mkopo hapa na pale, halafu kwenye marejeleo zinatiririka alama na vifupisho vya Kiingereza na Kilatini, wahariri ni Eds., makala zimo In, wenzake ni et al. Wengine wanajitahidi: siku ya mwisho wanaivunja ile miunganisho ya programu, orodha inabaki maandishi ya kawaida, wanapita wakibadili moja moja kuwa na, Katika, Wah., na wenzake. Kesho yake msimamizi anasema ongeza chanzo kimoja. Kazi yote inaanza upya, tena sasa kwa mkono, na yule mzee wa semina anapata ushahidi wake kwamba programu haisaidii.

Faili hilo kiufundi ni kazi ya jioni mbili tatu kwa mtu mmoja mwenye subira. Ugumu hauko kwenye kompyuta. Ugumu ni kwamba hatujakubaliana. Mhariri ni Mh. au Mhr.? Mh. tayari tumempa mheshimiwa mbunge. Kurasa ni uk., kur. au ku.? Kisichokuwa na tarehe ni h.t., k.h.t. au bila tarehe? Kila jarida lina yake, kila idara ina yake, kila msimamizi ana yake na anaitetea kama kiwanja. Taasisi za lugha tunazo, bara na visiwani, na makongamano ya Kiswahili hayakauki. Kikao kimoja cha asubuhi kingetosha.

Mambo madogo ambayo hayahitaji kikao: jaza kisanduku cha lugha. Weka sw. Usipojaza, mitindo ya Kiingereza inayopenda herufi kubwa itakuandikia Nyota Ya Rehema na Mzimu Wa Watu Wa Kale, kwa sababu programu inadhani ya na wa ni maneno ya maana. Ukijaza, inaacha jina kama ulivyoliandika. Na kwa vitabu vilivyochapishwa upya, andika original-date: 1951 kwenye kisanduku cha Extra, APA itakutolea miaka yote miwili. Nimechoka kusoma kwamba Robert (2003) anasema hivi na vile. Shaaban Robert alifariki 1962. Hasemi kitu 2003.

Kuna wanaosema haya yote yamepitwa na wakati, eti sasa unaiambia tu akili mnemba ikuandikie marejeleo. Hao sibishani nao sana. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, zenye majina na namba kamili, na hazikuwahi kuwepo. Mahakama ina jaji wa kwenda kutafuta kesi. Sisi kwenye fasihi ya Kiswahili, ambako nusu ya vitabu havimo mtandaoni na majarida ya zamani yako kwenye kabati moja lililofungwa, nani atakwenda kuhakikisha? Kitabu hewa kikishaingia kwenye tasnifu moja, mnajua tayari kitakavyorithiwa.

Na la mwisho ambalo sina suluhu yake. APA inaagiza kwamba mazungumzo binafsi yatajwe ndani ya matini kwenye mabano, yasiingie kwenye orodha, kwa sababu msomaji hawezi kuyafikia. Kwa barua pepe, sawa. Lakini wengi wetu tunakwenda Pate, Pemba, Ujiji, tunakaa na mzee siku nne anatusomea tenzi alizopokea kwa nyanya yake, tunarekodi, tunarudi, tunaandika sura nzima juu ya kinywa chake. Kwenye orodha, mzee hayupo. Yupo aliyeandika makala ya kurasa tatu kuhusu mzee huyohuyo. Zotero ina aina ya chanzo iitwayo mahojiano, unaweza kumwingiza kwa jina kamili, tarehe na mahali, akakaa kwenye orodha sawasawa na Oxford na Longhorn. Mimi nawashauri wote ninaowasaidia wafanye hivyo, wakiridhiwa na mzee mwenyewe. Wawili wameambiwa wamtoe. Mmoja kakataa, na bado tunasubiri majibu ya watahini.

Lile faili la lugha nimelianza. Kwa et al. nimeweka na wenzake, kwa In nimeweka Katika, kwa mhariri naelekea kwenye Mhr. ili tumwachie mbunge Mh. yake. Kisichokuwa na tarehe bado kinanisumbua. Wenye hoja walete, hata yule mwenye hoja kwamba mshairi wa Lamu aendelee kuitwa Msham, M. K.; nitamsoma yeye kwanza.